Tiba ya muziki kwa mama baada ya kiharusi: uzoefu wangu, Ujiji

Mama alipata kiharusi Februari mwaka jana. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakapotea. Ukimwambia jambo anaelewa vizuri, ila akitaka kujibu hutoka "ndo, ndo, ndo", kisha machozi. Tuliishi hivyo miezi kadhaa. Jioni moja majirani walikuwa na maulidi. Dufu lilipoanza, mama akaitikia kasida, ubeti mzima, neno kwa neno. Nilibaki nimesimama na sufuria mkononi.

Kutafuta kwangu kukanifikisha kwa mtaalamu wa tiba ya muziki aliyeko Dar es Salaam, anayefanya vipindi kwa simu ya video. Dakika 45, shilingi 30,000, mara mbili kwa wiki. Bando ni juu yako.

Kipindi cha kwanza hakuimba mtu. Aliuliza tu: mama anapenda nini, alikuwa akifanya kazi gani, wimbo upi unamtonesha. Nikaona tunapotezewa muda. Wiki iliyofuata, bila kumuuliza mtaalamu, nikamwekea mama taarabu iliyopigwa harusini kwao na marehemu baba. Alilia mpaka tukaahirisha kipindi.

Mtaalamu alinieleza kwamba kwa watu wengi maneno hutegemea zaidi ubongo wa kushoto, ulioumia kwa mama, na kuimba hutegemea sana pia ule wa kulia. Lakini kuimba kasida uliyoihifadhi bado si kuongea, lazima mtu avushwe. Mbinu ya kuvushia ilianzia Boston, Marekani, miaka ya 1970. Unachukua kauli anayoihitaji kweli, unaiimba kwa sauti mbili tu, ya juu ikiangukia kwenye mkazo: na-TA-ka MA-ji. Huku unamgongesha mkono wa kushoto mezani, pigo moja kwa kila silabi. Mnaimba pamoja, kisha unanyamaza katikati amalizie, kisha unamuuliza ajibu, na wimbo unapunguzwa kidogo kidogo hadi ibaki kauli.

Kwenye simu sauti huchelewa, kwa hiyo hawakuweza kuimba pamoja. Ilibidi anifundishe mimi. Mjue hilo mapema: mwenye kazi ni wewe wa nyumbani, kila siku. Jirani mmoja alidhani tunampunga mama pepo. Nikamkaribisha akae atazame, na sasa naye humgongesha mkono nikiwa sokoni.

Tiba ya muziki huwafaa pia wenye Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka, wanaotembea vizuri zaidi wakifuata mdundo, wazee waliopoteza kumbukumbu, na watoto wenye usonji. Kwa aliyepoteza maneno, mbinu yetu humfaa zaidi anayeelewa anachoambiwa. Haiondoi kiharusi, na dawa za presha haziachwi hata siku moja.

Linaloniuma ni kwamba hospitali tulikolazwa tulipewa dawa na tarehe ya kliniki tu. Kuhusu kurudisha maneno hakuna aliyetudokeza.

Leo ni mwezi wa nne tangu tuanze vipindi. Mama ana kauli kama ishirini. Ya kwanza ilikuwa "nataka maji". Ya pili aliichagua mwenyewe kwa kuonyesha beseni lake la Kibirizi alikokuwa akiuza samaki: "Migebuka hii!" Jina langu bado linamtatiza, ananiita kwa jina la dada yangu. Tumeliingiza kwenye zoezi la wiki hii.