Kori 20 hazikunisaidia kuchora ramani, kori 6 zimenitosha

Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo hapa Dar es Salaam. Nyumba za kawaida nachora kwa programu ya AutoCAD, majengo ya ghorofa naingiza Revit, programu inayosimamisha jengo zima ndani ya kompyuta. Miaka yote nilikuwa natumia laptop, mpaka nilipopata kazi ya hosteli ya ghorofa nne. Faili lilipofika MB 180, kila nikizungusha jengo laptop inaganda, na mteja amekaa pembeni anasubiri kuona chumba chake. Nikaona sasa basi, nitafute kompyuta ya mezani ya kazi nzito.

Nikaenda Kariakoo na milioni mbili na nusu. Duka la kwanza tu nikaonyeshwa mashine ya mtumba iliyopitia Dubai, kasha zito, safi, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 64, na prosesa mbili, yaani ubongo wa kompyuta, za Xeon E5-2650 v3. Muuzaji akanigongea ubavu wa kasha: "Bosi, hii ni chuma. Kori ishirini! Ramani gani itaishinda?" Kori ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi yake peke yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi, kila prosesa ina kori 10. Nikalipa milioni mbili na laki tatu, nikapakia kwenye bajaji.

Ofisini nikafungua faili la hosteli. Uzito ni ule ule. Nikafuta Windows nikaweka upya, nikasasisha draiva za kadi ya grafiki, nikahamisha faili kwenye SSD (diski ya kasi). Wiki mbili nahangaika. Ukisogeza ukuta mmoja, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka unasahau ulitaka kuusogeza kwa kiasi gani.

Ofisini napanga na kijana anayetengeneza picha za majengo za kuonyesha wateja. Akasimama nyuma yangu akatazama kidogo. "Kaka, hebu fungua Task Manager, halafu zungusha jengo." Nikafungua hilo dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inafanya kazi kiasi gani, nikazungusha. Matumizi ya prosesa: asilimia 3. Mashine inahema, mimi nimekwama, na yenyewe inaniambia haina kazi! Akabofya ile grafu, akaigawanya, vikatokea visanduku 40, maana kila kori inabeba nyuzi mbili za kazi. Kilichokuwa kinapanda ni kimoja, mara kinahamia hapa, mara pale. Vilivyobaki vimelala.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho ningependa kila mchoraji akijue kabla hajatoa hela. Kazi ya kuchora huenda kwa zamu. Ukuta ukisogea, dirisha lake lifuate, kisha eneo la chumba lihesabiwe upya, kisha kipimo kiandikwe. Dirisha haliwezi kuhesabiwa kabla ukuta haujajua umekaa wapi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya AutoCAD na Revit inapita kwenye kori moja, na kinachokuokoa ni mwendo wa hiyo moja. Mwendo huo hupimwa kwa GHz: E5-2650 v3 inaanzia 2.3 GHz na ikijitahidi kabisa inafika 3.0. Autodesk, wenye programu hizo, kwa AutoCAD wanapendekeza 3 GHz na kuendelea. Prosesa ile ilitengenezwa kwa ajili ya seva, kuhudumia watu wengi kwa pamoja, na kwa hilo ni nzuri sana.

Kurenda, yaani kugeuza mchoro kuwa picha kama halisi, ni habari nyingine. Picha inakatwa vipande, kila kori inachukua chake. Yule kijana alipoijaribu kwa V-Ray, programu ya kurenda, visanduku vyote 40 vilijaa hadi juu. Akainunua kwangu, nilipoteza laki tatu, na mpaka leo anaisifia.

Mara ya pili sikwenda mikono mitupu. Niliweka faili la hosteli kwenye flashi pamoja na programu yenyewe, nikaomba kujaribu kabla ya kulipa. Maduka mawili yakakataa. La tatu, mama mwenye duka akaniambia, "Kaa mwanangu, pakia vitu vyako, sisi tupo mpaka saa kumi na mbili." Nilikaa karibu saa mbili pale.

Niliyoichukua ni HP Z2 G4 yenye Core i7-8700: kori 6 tu, lakini inapanda hadi 4.6 GHz. RAM GB 32, SSD ya NVMe, na kadi ya grafiki ya Quadro P2000 ya GB 5. Milioni moja na laki tisa. Faili lililokuwa linafunguka kwa dakika 2 na sekunde 50 kwenye ile ya kori 20, hapa lilifunguka kwa dakika 1 na sekunde 35. Nikazungusha jengo, likanifuata mkono.

Kizazi cha nane cha prosesa za Core, ndicho cha hii i7-8700, nilikichagua kwa makusudi, kwa sababu Windows 11 inakikubali rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Zipo za kizazi cha sita bei poa, ila mimi sikuzitaka.

Mambo mawili yalinigharimu safari ya kurudi mjini. Kadi ya P2000 ina matundu manne ya skrini ya aina ya DisplayPort na haina HDMI hata moja, kwa hiyo nilinunua kidude cha kugeuza kwa ajili ya skrini yangu. Na RAM za mashine ya zamani ni za seva, hazikubali humu, kwa hiyo usipange kuhamisha. Ongeza na UPS (betri ya akiba), kwa sababu mashine ya mezani haina betri na umeme haukupi taarifa.

Kwa Lumion, programu ya picha na video za majengo, kadi hii ni ndogo, kazi hizo nampelekea kijana. Hosteli sasa imefika MB 240, RAM inagota GB 21 nikiwa nimefungua na kurasa za mtandaoni. Wiki iliyopita mwenzangu wa Tegeta ameazima ile flashi, na nimemwandikia kwenye karatasi cha kufanya dukani: fungua, zungusha, sogeza ukuta wa mbele, hifadhi, na kila hatua apime kwa saa ya simu.