Gia za waya na gia za betri: zote nimezipitisha kwenye matope ya Rungwe

Nina baiskeli mbili na zote zilikuwa za watu kabla ya kuwa zangu. Ya kwanza ni ya milimani, gia kumi nyuma, za waya. Ilishuka na kontena la mtumba Dar nikaifuata mwenyewe mwaka 2019. Ya pili ina gia kumi na mbili na haina waya hata mmoja wa gia, inabadilisha kwa betri. Hiyo ilikuwa ya mgeni mmoja Mholanzi aliyekuwa akitoka Nairobi kwenda kusini. Goti likamgomea hapa Mbeya, akaamua kurudi kwao kwa ndege, na habari za kulipia mzigo hakuzitaka. Bei tuliyoelewana siiandiki hapa, mke wangu naye ana simu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni: Ziwa Ngozi, Kiwira, Daraja la Mungu, na kiangazi tunapanda Kitulo. Kwa hiyo baiskeli hizi hazikai sebuleni. Ya waya imeshatembea kama kilomita 11,000 mikononi mwangu, ya betri inakaribia 8,000 tangu Septemba 2022. Majina ya waliozitengeneza nayaacha, maana mengi yaliyonikuta ni makosa yangu au ya barabara, na sitaki kumpaka mtu matope ambayo ni ya Rungwe.

Watu wakiiona ya betri wananiambia neno lile lile: "Kaka, hiyo itakufia porini." Hata mimi niliinunua nikiwa na hofu hiyo. Mwaka mzima nilikuwa nikiingia nayo msituni na waya wa akiba mfukoni, waya ambao hauna hata mahali pa kufungwa. Ni mazoea tu.

Nianze na ya waya, kwa sababu ndiyo iliyonihangaisha zaidi.

Gia ya waya ni mvutano wa pande mbili. Kidole chako kinauvuta waya kwenda kwenye gia nyepesi. Springi iliyo kwenye mkono wa nyuma, ule unaoning'inia chini ya kaseti (lile fungu la meno ya gia) na kuisukuma cheni, inauvuta waya urudi kwenye gia nzito. Kidole kina nguvu kuliko springi. Ndiyo maana tope likiingia ndani ya ganda la waya, gia za kupandia zinaingia vizuri tu, lakini ukitaka kurudi kwenye nzito baiskeli inakaa kimya, halafu baada ya mita ishirini, ghafla, kwaa, inaruka mbili kwa mpigo. Wengi wakisikia hivyo wanabadili cheni. Nimewahi kubadili cheni nzima mimi mwenyewe kwa ugonjwa ambao ulikuwa wa waya wa shilingi 3,000.

Na mvua ya huku mnaijua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ukitoka Isyonje kushuka Kiwira unaweza kuloa mara tatu kabla ya chai. Udongo wenyewe ni wa volkeno, laini kama unga, ukichanganyika na mafuta ya cheni unakuwa msasa. Msimu wangu wa kwanza nilibadili waya mara nne. Mara nne! Fundi wangu wa Mwanjelwa ndiye aliyegundua tatizo: ganda la waya kwenye fremu ile limekatwa vipande vitatu, na kila palipokatwa ni mlango wa maji. Tena kile kipande cha mwisho kinapinda kama kiwiko karibu na gurudumu, maji yote yanatuama pale. Akatoa vipande vyote, akapitisha ganda moja refu kutoka kwenye usukani hadi nyuma, akalifunga kwenye fremu kwa vile vikanda vya plastiki. Haipendezi machoni, inafanana na baiskeli iliyofungwa drip. Lakini tangu siku ile waya mmoja unanimalizia msimu mzima. Mwenye baiskeli ya waya na anaishi Rungwe asome aya hii mara mbili.

Waya kukatika ni habari nyingine. Waya wa gia una unene wa milimita 1.2 tu, na ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Unachoka pale unapojikunja ndani ya shifta, yaani kibonyezo cha gia kwenye usukani, uzi mmoja mmoja, mahali ambapo huoni. Dalili ni kwamba gia uliyoirekebisha jana leo imehama, ukiirekebisha tena kesho imehama tena. Mimi dalili hizo niliziona siku mbili nikasema nitashughulikia Jumapili. Jumamosi umekatika nikiwa Kiwira na wageni wawili, tunageuza kurudi Mbeya. Waya ukikatika springi inabaki peke yake, inaitupa cheni kwenye gia nzito kuliko zote. Kutoka Kiwira hadi Isyonje ni kupanda, na kwa gia ile hata kijana wa ishirini atashuka asukume.

Aliyeniokoa ni fundi wa bodaboda pale barabarani, mzee ambaye baiskeli ya gia hajawahi kuimiliki. Nikamwamkia, nikamweleza shida, akainama akatazama mkono wa nyuma, akauliza zile skrubu mbili ndogo za nini. Nikamwambia ni za kuuzuia mkono usipitilize, moja upande wa ndani, moja wa nje. Akasema, basi kaza hii ya nje. Bisibisi moja, ile ya nje ikakazwa hadi mwisho, cheni ikasogea gia mbili kuelekea ndani na ikatulia hapo. Hapo nikaweza kupanda, kwa kuhema. Hela alikataa. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, akacheka Kinyakyusa changu.

Kilichonichosha kuliko mlima ni kichwa cha ule waya, kale kapunje ka chuma, kilichobaki ndani ya shifta. Tumekitoa kwa sindano ya kushonea magunia, saa nzima.

La mwisho kwa ya waya ni baridi. Kitulo mwezi wa Juni na Julai asubuhi nyasi zina barafu, na grisi ya zamani ndani ya shifta inaganda. Unabonyeza, kidole kinaenda bure kama unabonyeza hewa. Nikaosha shifta kwa mafuta ya taa, nikaipuliza, nikatia matone ya mafuta mepesi ya cherehani. Haijarudia.

Sasa ya betri. Hapa hakuna mvutano. Kuna mota ndogo inayousukuma mkono wa nyuma kwenda na kuurudisha, na kitufe kwenye usukani kinachoiambia kwa mawasiliano ya hewani. Tope halina pa kuingilia likazuia kitu. Msimu mzima wa mvua sikugusa marekebisho ya gia hata siku moja, na hilo kwa mtu aliyezoea kulala na bisibisi ni kama likizo. Wala si teknolojia iliyoanza jana. Mavic ya Ufaransa walijaribu gia za umeme tangu miaka ya 1990, Shimano wakaja na gia zao za umeme, Di2, mwaka 2009, SRAM wakaondoa waya kabisa mwaka 2015. Hii ya kwangu imekuta njia imeshalimwa.

Imenifia mara mbili, na zote mbili nilijitakia.

Mara ya kwanza tulipakia baiskeli juu ya Coaster, tulitaka kuanzia upande wa Makete ili turudi kwa kushuka. Kumbe mfumo huu unalala ukitulia na unaamka ukitikiswa, ili uwe tayari unapopanda baiskeli. Barabara ile ilitikisa saa nne mfululizo. Betri iliyotoka nyumbani ikiwa na chaji ikafika haina kitu. Na hapa tabia ya waya ikaniponza: kwa ya waya, ukimaliza safari unaiacha baiskeli kwenye gia nzito kuliko zote ili springi ipumzike. Mimi niliiacha hivyo hivyo juu ya gari. Gia ya betri ikizimika inabaki pale pale ilipo, haiendi mbele wala nyuma. Kwa hiyo nilizunguka Kitulo na gia ile ile iliyonitesa Kiwira, safari hii bila mzee wala bisibisi ya kusaidia. Siku hizi baiskeli ikipanda gari betri inapanda mfukoni kwangu. Inatoka kwa kubonyeza tu.

Mara ya pili ni kitufe cha usukani. Ndani yake mna betri bapa ya CR2032, kama ile ya mzani wa dukani, na inatakiwa kukaa mwaka na zaidi. Yangu nilinunua kwa mmachinga, ikakaa wiki tatu. Nikarudi, nikanunua nyingine, wiki mbili. Sasa nanunua pakiti kwenye duka la vifaa vya umeme, nalipa mara nne ya bei, na natembea na moja ya akiba ndani ya gamba la filimu ya kamera ambalo nilikuwa sijui nalitunzia nini.

Chaji yenyewe haisumbui kama wanavyodhani. Kwa milima hii, ambapo gia hubadilishwa kila dakika, napata siku sita hivi za kazi. Umeme ukikatika siku mbili bado nina betri ya pili. Ikiwa unakaa kijijini na sola ya taa tatu, inachaji pia, ilimradi usigombanie na simu za wageni.

Jambo lililonibadilisha mawazo ni ajali. Njia ya Ngozi ina mizizi, na asubuhi yenye ukungu inateleza kama sabuni. Nilianguka upande wa kulia, upande wa gia, mkono wa nyuma ukagonga jiwe. Nikainuka nikiwa tayari nimeshaizika. Ukibonyeza, mota inalia, gia inaingia lakini inasuguana. Nikaisukuma hadi barabarani Isongole na kurudi mjini kwa Noah.

Fundi wangu alikuwa ameapa toka mwanzo: "Hiyo kompyuta mimi siigusi." Safari hii akakubali kuitazama tu, kwa macho. Akasimama nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, akasema: mbona ni kisikio kimepinda. Ni kile kipande cha alumini kinachoushika mkono kwenye fremu, kimetengenezwa laini makusudi kipinde chenyewe kabla fremu haijaumia. Akafungua mkono wote, akachukua ekseli ya gurudumu la nyuma la mtumba, ile ya milimita 10, hesi zake zinaingia sawasawa kwenye tundu la kisikio. Akaikaza, akaitumia kama wenzo, akanyoosha huku akilinganisha na rimu kwa jicho. Dakika kumi. Tukarudisha mkono na betri, gia zote kumi na mbili zikapita. Mota haikuwa na neno, ilikuwa imejiachia yenyewe ilipogongwa.

Tangu siku hiyo anaiita "ile ya chuma". Nami nikaelewa kitu ambacho maswali ya watu njiani yalikuwa yananificha. Nilikuwa nachunga umeme, kumbe ndani ya kilomita 8,000 umeme haujaharibika hata kidogo. Vilivyochakaa ni vile vile vinavyochakaa kwenye ya waya: cheni tatu, kaseti moja, vile viroda viwili vinavyopitisha cheni, na sasa pini za mkono wenyewe. Ukiushika mkono ukiutikisa unacheza kama jino la mtoto. Udongo ule ule laini umeingia kwenye viungo. Mota inausukuma mkono hadi panapotakiwa kabisa, halafu mkono wenyewe unayumba milimita mbili.

Kwa ya waya, mkono ukicheza hivyo nakwenda Mwanjelwa, natafuta kwenye mafungu ya vyuma, nimewahi kupata mzima kwa shilingi 40,000. Kwa ya betri mkono hauuzwi bila mota yake. Pini za shilingi mia ndizo zilizochoka, lakini dukani unalazimika kununua na injini iliyo hai. Nimeuliza Dar, wameniambia zaidi ya milioni moja, na tena ni kuagiza, na vitu vyenye betri ya lithiamu kwenye ndege vina masharti yake. Viroda angalau nilivipata peke yake.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue ipi kwa kazi kama yangu, namwambia ya waya, yenye ganda moja refu, na abadili waya kabla ya mvua, asingoje Jumapili. Lakini ukiletewa ya betri kwa bei ya kutupa kama nilivyoletewa mimi, usiikimbie kwa kuogopa umeme. Tikisa mkono wa nyuma kwanza. Ukicheza, omba apunguze bei. Usioshe kwa zile mashine za kuoshea pikipiki zenye presha, hata kama wameandika haipitishi maji. Mimi natumia ndoo na brashi, na zile sehemu za shaba zinazogusana na betri nazifuta kwa spiriti kila mwezi.

Fundi ameniomba nimwachie ule mkono wiki nzima. Anataka kuzitoa pini, azungushie bati jembamba la kopo la soda, kisha azirudishe kwa kugonga. Nimempelekea jana. Betri nimeibakiza nyumbani, kwa sababu alisema akiiona na taa inawaka mikono itamtetemeka. Jumamosi kuna wageni watatu wa Ngozi, naenda na ya waya.