Wasuluhishi wa Moshi: mezani hodari, kwenye karatasi bado

Ukiwa na ugomvi wa mpaka wa kihamba (shamba la ukoo la Wachagga, lenye migomba), zamu ya mfereji au mirathi iliyokwama, na hutaki kuanzia kwa wakili, mjini Moshi kuna shirika dogo la amani linalopokea mashauri ya namna hiyo bila malipo. Jina tunaliacha kwa makusudi: wanaokwenda pale ni majirani wanaojuana, na faili kadhaa bado hazijafungwa. Tulichokagua ni watu wanaoliongoza, yaani mwenyekiti, mratibu, mweka hazina na wasuluhishi sita, maana katika huduma hii hupewi kitu kingine zaidi ya watu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, meza ya plastiki na viti vya kuazima.

Mratibu ndiye anayelibeba shirika. Mama huyu haitishi kikao kabla hajafika shambani, na kwa hilo peke yake amewaacha mbali wengi wanaofanya kazi kama yake. Anakwenda na daftari, futi kamba ya mita 50 na mtu mmoja kutoka kila upande, ili asije mtu baadaye akasema vipimo vilipikwa. Kwenye miteremko ya Kibosho, Uru au Marangu hailazi futi kamba chini. Anaivuta ikae sawa hewani, kipande kwa kipande, na kushusha jiwe kutoka kwenye ncha. Wengi huona huo ni urembo. Si urembo. Kwenye mteremko unaopanda mita 3 kila mita 10, ukilaza kamba ardhini ukasoma mita 20, kwa usawa umepata mita 19 na kidogo. Sentimita 80 hivi zimepotea, na ndugu wamewahi kununiana kwa kidogo kuliko hicho. Simu ndiyo kabisa: chini ya migomba na miti ya kivuli inaweza kukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo anaitumia kupiga picha tu.

Halafu anaangalia masale. Kwa msomaji asiye wa Kilimanjaro, sale ni ule mmea wa majani marefu membamba unaopandwa mstari kuonyesha mwisho wa kihamba. Unashika kirahisi mno. Kipande cha shina kikichomekwa ardhini wakati wa masika kinatosha, na hapo ndipo wajanja wanapopata nafasi. Mpaka uliohamishwa Aprili unakuwa wa kijani ifikapo Desemba, na mgeni atakuapia kwamba umekuwepo tangu enzi za babu. Mratibu haangalii majani. Anainama kwenye shina. Sale la zamani lina shina nene, lenye makovu ya majani yaliyokwisha kuanguka, na mara nyingi limegawanyika matawi; la juzi ni fimbo moja nyembamba. Mstari wote ukiwa mwembamba ilhali majirani wa pande nyingine wana mashina manene, swali linajiuliza lenyewe. Akimaliza hapo anatafuta visiki vilivyoachwa chini ya majani makavu ya migomba, hatua mbili tatu kila upande.

Kikao chenyewe huendeshwa na wasuluhishi wawili, na siku zote mmoja ni mwanamke. Kila upande huzungumza dakika 15 bila kukatizwa, kisha wanatenganishwa, kisha wanarudishwa pamoja. Jambo tulilolipenda ni kwamba mlalamikaji ndiye anayeanza hata akiwa mdogo kiumri. Kwa desturi zetu mkubwa akishasema, mdogo huinamisha kichwa na kusema “sina la kuongeza”, halafu anakwenda kuyasema yote kilabuni. Na mkubwa akijaribu kuchukua kikao, anajibiwa kwa adabu, kwa neno la Kichagga la kumheshimu mzee: “Meku, tumekusikia. Sasa tumpe nafasi mdogo wako.” Amekaa kimya, na heshima yake haijaguswa.

Lugha bado inawasumbua. Wazee wakikasirika huhamia Kichagga, na Kichagga cha Machame si cha Rombo. Wasuluhishi wote sita wametoka upande mmoja wa mlima, kwa hiyo shauri la Rombo linategemea mkalimani aliyeletwa na mmoja wa wagomvi, jambo ambalo halifai hata kidogo. Kama unatoka huko, omba mapema mkalimani ambaye pande zote mbili zimemkubali.

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini na kumbukumbu ya koo isiyo ya kawaida. Akitaja nani alimwachia nani kihamba, ukumbi unatulia. Kosa lake ni haraka ya kupatanisha. Kwa Wachagga, jani la sale likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Mwenyekiti hulileta mapema mno, kabla masharti hayajakamilika. Aliyedhulumiwa anajikuta ameshikishwa jani mbele ya watu wote, analipokea kwa kuogopa lawama, na mita zake mbili bado ziko kwa jirani. Inachekesha kidogo kwamba mmea uleule ndio mpaka na ndio msamaha, lakini kazi hizo mbili zina mpangilio wake: kwanza sale la ardhini lirudi mahali pake, ndipo la mkononi lipokelewe.

Mbege, yaani pombe ya ndizi, nayo iwe baada ya sahihi. Kuna vikao ambako kata ya kunywea huanza kuzunguka saa nne asubuhi kwa nia njema kabisa, na mkataba ukasainiwa saa nane na watu ambao kesho yake wanasema walikuwa wamelewa. Isitoshe, mlokole na Mwislamu hawatainywa. Wawekewe chai au soda bila kuulizwa sababu mbele za watu.

Tukija kwenye karatasi, hapa ndipo shirika linapoanguka. Mkataba wao ni ukurasa mmoja wenye nembo nzuri juu na, chini yake, maneno “tumekubaliana kusameheana na kuishi kwa amani”. Maneno hayo hayapimiki. Baada ya miezi sita hakuna anayeweza kuonyesha nani amekiuka nini. Mkataba unaofaa unataja majina matatu ya kila mhusika kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kitongoji, kijiji na kata. Majirani wa pande zote nne. Urefu wa kila upande kwa mita na wala si kwa hatua, kwa sababu hatua ya mzee wa miaka 80 si ya kijana wa bodaboda. Na alama isiyohamishika kama jiwe kubwa au kona ya msingi wa nyumba, ambayo vipimo vinaanzia. Uandike nani anang'oa nini, kwa gharama ya nani, kufikia tarehe gani. Mti wa mgrevilea ulioota juu ya mpaka uamuliwe papo hapo: unakatwa au unaachwa, na mbao ni za nani. Hilo likiachwa, ugomvi unarudi siku fundi wa msumeno anapopita.

Sahihi ziwe kwenye kila ukurasa, na mashahidi wawili kila upande. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, aweke dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake na kusaini pembeni. Nakala ziwe nne: moja kwa kila upande, moja kwa mtendaji wa kijiji, moja ofisini kwao. Kwa sasa wanatoa moja tu, wanabaki nayo wao, na ukiihitaji unaambiwa mwenye ufunguo wa kabati amesafiri.

Jambo jingine kwenye sahihi ni wake. Tumeona mikataba ya nyumba na kihamba iliyosainiwa na wanaume watupu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kutolewa bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mtoto wa kike aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika si mgeni kwenye kikao, hata kama kwa mila kihamba kiligawiwa kaka mkubwa na kitinda mimba. Mratibu analijua hili vizuri na hulisema; mwenyekiti hulisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Kwenye mirathi wana mkanganyiko mmoja wa hatari. Muhtasari wa kikao cha ukoo wanauchukulia kama mgawanyo wa mali. Muhtasari ule kazi yake ni kumpendekeza msimamizi. Anayemteua ni mahakama, kwa familia nyingi za vijijini Mahakama ya Mwanzo, na ni huyo msimamizi tu mwenye mamlaka ya kugawa. Akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. 5, kisha hesabu, Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Ukoo ukigawa kabla ya hapo, akitokea mrithi mmoja aliyekuwa Dar es Salaam hakushirikishwa, kazi yote inaanza upya. Wasaidizi wa kisheria wawili walio miongoni mwa wasuluhishi wanaeleza utaratibu huu ukiwauliza. Tatizo ni kwamba lazima uwaulize. Na ukumbuke kwamba msaidizi wa kisheria hawezi kukusimamia mahakamani.

Usuluhishi ukishindikana, viongozi hawa wana sifa moja: hawang'ang'anii shauri. Wanakuelekeza baraza la kata, nalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halitoi tena uamuzi wa migogoro ya ardhi, linapatanisha tu. Zamani liliweza kuamua madai ya hadi shilingi milioni 3. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitakusikiliza mpaka kata ithibitishe kwa maandishi kwamba imeshindwa kuwapatanisha, au siku 30 zipite tangu ulipofungua shauri kata bila kumalizika. Kwa hiyo tarehe ya kufungua ndiyo ya kutunza. Omba igongewe muhuri kwenye nakala yako. Wapo wanaodhani karatasi ya shirika hili inachukua nafasi ya ile ya kata. Haichukui. Vilevile madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo jirani anayeomba kila mara “tuzungumze kwanza baada ya mavuno” huenda anajua anachofanya.

Mashauri ya mfereji wanayamaliza vizuri kuliko yote. Wanaandika zamu kwa saa na siku, si “asubuhi” na “jioni”, na nakala inakwenda kwa jumuiya ya watumia maji. Kinachosahaulika ni kuangalia kama mfereji una kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi zake ziko hapahapa Moshi. Watu wawili wanaweza kugawana kwa haki maji ambayo hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuyachepusha.

Kwenye jinai tunawapa alama zote. Ubakaji, ukeketaji wa mtoto, kipigo cha kujeruhi, mimba ya mwanafunzi: hawafungui faili, hawaiti ukoo, hawazungumzii mbuzi wala ng'ombe wa fidia. Wanampeleka mhusika Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na mratibu humsindikiza mwenyewe hadi apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ubakaji adhabu yake ni kuanzia miaka 30 jela. Anayeusuluhisha mezani anamficha mhalifu.

Mweka hazina hatuna mengi ya kusema juu yake. Cheti cha usajili chini ya Sheria ya NGO ya 2002 kimebandikwa ukutani, tarehe ya mwisho inasomeka, hilo ni jema. Lakini “pesa ya chai” inayoombwa siku ya kikao haina stakabadhi. Hata ikiwa ni ya haki, yaani maandazi na nauli za mashahidi, iandikwe. Na wafadhili wanapotembelea, kikao kinageuka picha: wagomvi wanashikana mikono mara tatu mpaka mpiga picha aridhike. Ugomvi wa kihamba hauhitaji bango nyuma.

Ufuatiliaji ndio mwanya mkubwa uliobaki. Hata mkataba wa Burundi uliosainiwa jirani zetu Arusha tarehe 28 Agosti 2000 ulikuwa na kamati yake ya kufuatilia utekelezaji. Huku kwetu, mkataba ukishasainiwa hakuna anayerudi kutazama kama yale masale yamepandwa. Ziara moja baada ya mwezi na nyingine baada ya miezi mitatu zingetosha, na gharama yake ni nauli ya daladala na nusu siku ya mtu. Tulipouliza, mratibu alisema hufanya hivyo kwa mashauri yaliyo njiani kwake. Mengine yanasubiri mtu alalamike tena.

Ukiamua kwenda, beba nakala ya kitambulisho, hati au barua yoyote ya ugawaji wa ardhi, majina na simu za mashahidi wawili wasio wa familia yako, na kama ni mirathi, cheti cha kifo. Usiende Desemba ukitegemea kusikilizwa. Kuanzia tarehe 20 mabasi ya Dar yanashusha watu wote wenye neno juu ya kihamba, kila ukoo unataka kikao kabla ya Mwaka Mpya, na wasuluhishi sita hawatoshi. Fungua faili Oktoba, mratibu apime Novemba njia zikipitika, na ndugu wa mbali wapewe tarehe kwa maandishi kabla hawajakata tiketi.