Mafuta ya peremende kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji: nyota mbili

Kichupa ni cha mililita 10, kioo cha kahawia chenye kidondoshi mdomoni. Nilikinunua kwa shilingi 18,000 kwenye duka la dawa Wandegeya, Kampala, nilipokuwa najiandaa kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Mimi nikipanda basi la Kabale tu, tumbo huchafuka. Daktari wa usingizi alikuwa ameniambia kwamba mwanamke asiyevuta sigara, anayechafukwa safarini, ndiye husumbuka zaidi akizinduka.

Mafuta yenyewe ni mazuri, harufu kali na safi, hayajachanganywa na manukato. Tone moja kwenye pamba linatosha. Nilipoamka dada aliniwekea puani nikapata nafuu kidogo, kisha harufu ikanikaa kooni, haitoki. Mama wa kitanda cha pili, naye katoka kupasuliwa, akaomba pamba iondolewe. Wodini hewa ni ya wote, na hilo muuzaji hakulitaja.

Kilichonituliza ni kile kitambaa kidogo cha spiriti cha kufutia ngozi kabla ya sindano. Musawo, yaani mhudumu wa afya, alichana pakiti, akakishika chini ya pua yangu: "Vuta pole pole kwa pua, nyabo (mama), toa kwa mdomo." Hajamaliza kunipima presha, kichefuchefu kimeshuka, na harufu imejiendea. Kilirudi usiku, nikachomwa ondansetroni, dawa ya kuzuia kichefuchefu, na sindano hiyo msiikatae kwa sababu ya vitu vya kunusa.

Nilipopata nguvu nilisoma mapitio ya 2018 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba. Walionusa alkoholi ya isopropili, ndiyo spiriti ya vitambaa hivyo, kichefuchefu chao kilifika nusu ya makali yake mapema kuliko waliopewa dawa za kawaida. Peremende, ndani ya dakika tano, haikuonyesha tofauti ya maana na kitu kisicho na dawa. Ushahidi wenyewe bado si imara, lakini unalingana na yaliyonipata.

Kwa hiyo anayekwenda kupasuliwa namshauri anunue boksi la vitambaa hivyo. La vipande 100 nililipata kwa shilingi 6,000. Soma pakiti: iandikwe isopropili asilimia 70, maana spiriti nyingine za chupa ni za aina tofauti. Mwonyeshe nesi kabla ya kunusa.

Kichupa sasa nakitumia nikisafiri. Mwenye mtoto mchanga akiweke juu kabisa, kwa sababu mentholi iliyomo kwenye mafuta hayo, karibu na pua ya mtoto inaweza kumkata pumzi.