Mtoto wa farasi amekaa vibaya tumboni: kumgeuza huku mama akiwa macho, au kwa nusu kaputi?

Chupa ikishapasuka, farasi jike huzaa ndani ya dakika 20 hadi 30. Kwanza hutokea kwato mbili za mbele, moja ikitangulia kidogo, kisha pua iliyolalia magotini. Ukiona kwato bila pua, au pua na kwato moja, usivute. Mpigie daktari wa mifugo.

Njia ya kwanza ni kumgeuza mtoto mama akiwa macho, amesimama. Daktari humimina kilainishi kwa wingi, humsukuma mtoto arudi ndani, kisha huinyoosha shingo au goti lililokunjika, huku akiifunika kwato kwa kiganja isichane mfuko wa uzazi. Huanza papo hapo zizini, na hilo ndilo ninaloipendea. Ubaya wake ni misuli ya farasi: mama husukuma kwa nguvu ya kutisha (mkono wa daktari unaweza kuvunjika), na miguu mirefu ya mtoto haina pa kupitia.

Njia ya pili ni nusu kaputi hospitalini, miguu ya nyuma ikiinuliwa kwa winchi. Kusukuma kunakoma, mtoto anateleza kurudi tumboni, nafasi inapatikana. Isipofaulu kwa takriban dakika 15, upasuaji uko jirani. Lakini winchi iko wapi? Hospitali ikiwa mbali, mtoto huenda asifike hai.

Mimi ningeanza zizini kwa dakika 10 tu, gari likiwa tayari mlangoni.