Programu ya hesabu ya majaribio: betri ilikufa, mimi nikaitwa mdanganyifu

Nimefundisha hisabati sekondari miaka mingi hapa Moshi na hakuna aliyewahi kunishuku hata kwa kipande cha chaki. Majuzi nimeshukiwa, tena na watu ambao hawajawahi kuniona, kwa sababu tu niliweka programu yao ya majaribio kwenye kompyuta ya nyumbani. Naandika nikiwa na hasira, mjue hivyo tangu mwanzo. Ushauri wangu: msiiweke.

Ni programu ya nje, ya kulipia, ila wanakupa siku 30 uijaribu bure. Nilimtafutia binti yangu, yuko kidato cha sita na Hisabati ya Juu inamtoa jasho. Kuipakua kulinimalizia bando zima. Huku Pasua mtandao wangu hupata nguvu watu wakishalala, kwa hiyo hadi saa nane za usiku nilikuwa macho naangalia ule mstari ukijaa tone kwa tone. Kuisakinisha hakukuwa na taabu. Unabonyeza ndiyo, ndiyo, unaandika barua pepe yako, basi. Kadi ya benki hawakuuliza, na hilo nawapongeza.

Siku tatu za kwanza niliipenda kwelikweli. Binti alikuwa amekwama kwenye ujazo wa umbo linalopatikana ukizungusha mstari uliopinda kwenye mhimili wa x. Swali lilikuwa y ni kipeuo cha pili cha x, kuanzia 0 hadi 4. Jibu ni 8π, na hata yeye alilipata kwa kukariri kanuni, lakini umbo lenyewe halioni. Mimi nimelichora ubaoni mwaka baada ya mwaka, chaki za rangi, mishale, mikono hewani, na kila mwaka kuna macho yanayonitazama tu. Programu ile ililichora, kisha ukishika mausi unaligeuza utakavyo, unalitazama kwa mdomo, kwa ubavu, kwa nyuma. Binti akasema, "Kumbe ni bakuli, baba! Bakuli limelala!" Halafu chini yake hatua zote zimepangwa moja moja, kama mwalimu mvumilivu. Usiku ule nililala nikiwa na furaha ambayo kazi hii hainipi mara kwa mara.

Siku ya nne umeme ukakatika. Masika, radi, mnajua wenyewe. Ulirudi asubuhi.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba, na ina tabia moja: umeme ukikatika saa yake inarudi 1 Januari 2009. Nilishazoea. Naiwasha, narekebisha tarehe, maisha yanaendelea. Nikisahau, tovuti nyingi hugoma kufunguka, kivinjari kinadai si salama, maana vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa hesabu za 2009 vyeti vya leo bado havijaanza. Asubuhi ile binti alitangulia kuiwasha. Tarehe hakuigusa, akaenda moja kwa moja kwenye programu.

"Baba, inasema siku zimeisha."

Siku 30 zimeisha siku ya nne! Nikarekebisha tarehe, wapi. Nikaifuta nikaiweka upya, wapi. Programu za namna hii huacha alama ndani ya mashine, hata ukiifuta alama inabaki.

Nikabeba sipiyu hadi kwa fundi jirani na soko la Mbuyuni, kijana niliyemfundisha zamani. "Shikamoo mwalimu." Akafungua, akachungulia, hakuchukua hata dakika mbili. "Mwalimu, betri ya saa imekufa siku nyingi." Ni ile CR2032, ya volti 3, bapa kama sarafu, ndiyo inayoifanya saa iendelee kutembea wakati mashine haina umeme. Akaweka mpya kwa elfu mbili. Akanieleza pia kilichotokea: programu hukumbuka tarehe ya mwisho kuiona, na ikikuta leo iko nyuma ya jana inaamini mtu amerudisha saa makusudi ili aongeze siku za bure. "Na kuna watu wanafanya hivyo kweli, mwalimu," akasema. Sawa. Mashine ni mashine, imeambiwa ishuku, imeshuku. Hadi hapo sikuwa na kinyongo na mtu.

Nikawaandikia. Kiingereza changu ni kizuri, nilieleza yote kwa adabu, umeme, betri, tarehe, nikaambatanisha picha ya betri ya zamani na mpya. Jibu likaja mistari miwili: mfumo wetu umebaini saa ya kompyuta yako ilibadilishwa kwa makusudi, ukitaka kuendelea, nunua leseni. Kwa makusudi! Hilo neno limenikaa kooni hadi leo. Nikaandika tena, nikirefusha maelezo. Likarudi jibu lilelile, nukta kwa nukta. Hakuna hata mtu mmoja aliyeifungua ile picha. Mwanafunzi akiniambia daftari limelowa mvua, kabla sijamwita mwongo namwambia alete daftari nilione. Hawa daftari niliwapelekea na hawakuliona.

Wiki iliyofuata nikamwekea binti Maxima, programu nyingine ya hesabu, ambayo ni bure kabisa. Asili yake ni Macsyma, iliyoanza kutengenezwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani mwaka 1968. Bill Schelter, aliyeitunza kwa miaka, alipata ruhusa ya kuitoa kwa leseni huria mwaka 1998. Haina siku za kuhesabu, na saa yako ikirudi hata 1970 haikuulizi. Ujazo wetu ikautoa 8π papo hapo. Lakini jibu inakutupia kavu, hatua hazionyeshi, na binti yangu anahitaji hatua. Nilitaka sana kuandika kwamba inatosha. Kwake haikutosha.

Halafu majuzi, bila neno lolote, nikakuta barua pepe kutoka kwa walewale: tumekuongezea siku 14, na namba mpya ya kuingiza. Nikaingiza, ikafunguka. Sasa nifanyeje? Kama kompyuta yako ni mpya na betri yake nzima, iweke, hutajuta, sijaona kitu kinachofundisha maumbo vizuri hivi. Niliposema msiiweke nilikuwa nasema kwa uchungu. Ila kama mashine yako ni ya mtumba kama yangu, badilisha betri kwanza. Na huduma yao kwa wateja siipi hata nyota moja, wala hizi siku 14 sizihesabu kuwa fadhila, maana 26 kati ya zile 30 zilikuwa haki yangu.

Zimebaki tisa. Binti yuko mezani anageuza mabakuli. Mimi nawaandikia barua ya tatu, fupi kuliko zote, nikiwaomba walifute lile neno "makusudi" kwenye kumbukumbu zao.