Mpira na regulata ya hita ya gesi: seti nzuri, klipu zake mbovu

Hita yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachotaka kuzungumzia ni seti niliyonunua ya kuiunganisha na mtungi: regulata (kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka kwenye mtungi), mpira wa mita moja na nusu, na klipu mbili za kukazia. Ni vitu ambavyo wengi hununua mwisho, kwa haraka, na gesi ikivuja mara nyingi huvuja hapo hapo kwenye maungio.

Chumba ni cha mama yangu. Umri umekwenda na pua yake haishiki harufu kama zamani, kwa hiyo ile harufu kali inayotiwa kwenye gesi ili watu washtuke, kwake haina msaada. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikitoka hutulia chini sakafuni. Ndiyo maana niliikagua seti hii kipande kwa kipande.

Mpira umenifurahisha. Ni mzito mkononi, una nyuzi zilizosukwa ndani, na ubavuni umechapwa mwaka wa kutengenezwa na maandishi kuwa ni wa gesi. Mpira usio na maandishi hayo usiuchukue, hata muuzaji aape. Kila nikibadilisha mtungi naukunja kwa vidole kutafuta nyufa, na bado ni laini. Urefu wake unaruhusu mtungi usimame mbali na joto bila mpira kuvutika wala kupita mbele ya moto.

Regulata ni ya presha ya chini, milibari 30, sawasawa na kilivyoandikwa kibati cha nyuma ya hita yetu. Hicho ndicho cha kulinganisha kabla ya kulipa. Hita iliyoandikwa 37 inataka regulata yake, na ile ya presha ya juu ya majiko makubwa haifai kabisa chumbani, inasukuma gesi nyingi kuliko hita inavyoweza kuunguza. Nati ya hii yangu inakazwa kwa kuzungusha kushoto. Ndani mna washa, yaani kipete cheusi cha raba, na hiyo ndiyo inayoziba, kwa hiyo usizungushie tepu.

Sasa klipu. Ni zile za ukanda uliotobolewa matundu, kingo zake kali. Nilizikaza kwa bisibisi, nikafungua madirisha, nikafungua koki ya mtungi hita ikiwa imezimwa, kisha nikapaka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila ungio. Upande wa regulata kimya. Upande wa hita, chini ya klipu, likachomoza povu dogo kama punje ya mtama, likavimba, likapasuka, likaja jingine. Nikafunga koki. Kukaza zaidi kulizidisha, maana ukanda ulikuwa unauma mpira badala ya kuubana. Nikakata kile kipande kilichoumwa, nikaweka klipu za ukanda mzima zenye kingo zilizokunjwa, nikapaka sabuni tena: hakuna povu.

Kijikaratasi cha maelekezo kinasema tu “hakikisha gesi haivuji”. Kwa njia gani? Hakisemi. Mtu asiyejua atawasha kiberiti apime kwa moto, na huko ni kuitafuta ajali. Mstari mmoja kuhusu maji ya sabuni ungetosha, na naomba watengenezaji wauongeze.

Mpira na regulata ningevinunua tena bila kusita. Klipu tafuta zako. Na hata maungio yasipovuja kabisa, dirisha la mama naliacha wazi kidogo hita inapowaka, na kabla hajalala naizima na kufunga koki ya mtungi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokea moto unapokosa hewa ya kutosha, haina harufu kwa pua ya mtu yeyote, na hiyo hakuna mpira wala regulata ya kuizuia.